Kabla Haijafika Mia

Ndandalo, Kyela
4 Mei 2025

Mkamwana wangu, Mama Kisa,

Mugonile.

Miaka minane umeishi nyumbani kwangu nasi hatujawahi kutazamana usoni. Sauti yako naijua kwa kuisikia ng'ambo ya ukuta, na wewe, nadhani, wanijua kwa kikohozi, maana kila nikikaribia jikoni hukohoa ili upate nafasi ya kupita nyuma ya nyumba. Sina ugonjwa wa kifua. Ni heshima tu. Desturi yetu inasema mkamwana na baba mkwe wasikutane wala wasisemezane. Haikutaja barua. Nimeichunguza kama mwalimu anavyochunguza kanuni za mtihani, nimeona mwanya, nimepita humo.

Njia ni hii: naandika kwa mkono, natia kwenye bahasha, nampelekea Prisca mwenye steshenari pale Bondeni. Yeye anaipiga picha na kukutumia kwa mtandao. Ukijibu, anachapa na kunifungia. Anaapa kwamba hasomi. Nilimfundisha mwenyewe darasa la nne, na kwa alama alizokuwa akipata katika kusoma, namwamini.

Habari za nyumbani ni za kawaida. Mpunga umeingia, si mwingi. Mke wangu, Bibi Kisa, hajambo na anaendelea kunitawala. Mume wako yuko Karonga na biashara yake ya mchele. Husema atakuja, haji. Kisa yuko darasa la pili. Ulipokuwa hapa yeye ndiye alikuwa tarishi kati yetu: mwambie mama yako hivi, mwambie babu yako vile. Sasa tarishi hana kazi.

Watu huniuliza mkamwana wangu amefuata nini kwenye barafu ya kusini mwa dunia, mahali ambapo ndege haifiki hadi Novemba. Nimechoka kujibu kwamba anaangalia taa za mbinguni. Nieleze, ili nijibu kama mtu anayejua.

Ni mimi baba yako mkwe,
Kenani Mwambipile
Mwalimu mstaafu


Kituo cha utafiti, Antaktika
18 Mei 2025

Baba mheshimiwa,

Nimekaa na barua yako siku nne kabla ya kujibu. Jina lako siruhusiwi kulitamka, na sina hakika kama kuliandika ni kulitamka. Nimeamua kutoliandika, ili kosa, kama lipo, liwe dogo. Lakini nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema kwa adabu. Ndaga fijo, asante sana.

Tuko watu kumi na wanne. Jua lilizama mwishoni mwa Aprili nasi hatutaliona tena hadi Agosti. Ndege ya mwisho iliondoka Februari, ya kwanza itafika Novemba, na kati ya hizo mbili hakuna anayeingia wala kutoka, hata kwa ugonjwa, hata kwa msiba. Tulitia saini kwamba tumeelewa hivyo.

Ninachokitazama ni mianga ya anga ya kusini, ambayo wataalamu huiita aurora. Chembe ndogo sana zitokazo kwenye jua hunaswa na usumaku wa dunia, kisha humwagika huku kwenye ncha na kuifanya hewa ya juu ing'ae. Wengi hupenda sura yake ya mwanzo, mikanda ya kijani yenye mikunjo, ikipeperuka kama khanga iliyoanikwa. Mimi nilikuja kwa ajili ya sura zinazofuata baada ya hiyo, ambazo hakuna anayezitia kwenye kalenda. Ya kwanza ni mawimbi: ukingo wa mwanga unaojipinda, pindo baada ya pindo, ukisafiri taratibu kuelekea mashariki. Ya pili ni madoa, hafifu kiasi kwamba jicho lisilozoea hudhani ni wingu. Kila doa huwaka, hukaa, huzimika, kisha huwaka tena mahali palepale kwa kipindi chake chenyewe, moja kila baada ya sekunde saba, jirani yake kila baada ya ishirini. Linapozimika, mtu aliyefika wakati huo hawezi kujua kwamba kulikuwa na kitu.

Katika taarifa yangu ya kwanza niliandika kwamba mawimbi na madoa yana chanzo kimoja, mitikiso iliyo mbali sana angani, inayozilegeza zile chembe zianguke kwa mafungu. Kila nikiisoma sentensi hiyo naiamini kidogo kuliko jana yake.

Kamera tunazo, lakini bado tunatumia na macho, kwa kuwa kamera hukosea kwa namna yake na jicho kwa namna yake. Kanuni yetu ni fupi. Andika saa. Andika muda kwa sekunde. Andika ulichokiona, ulichofikiri kiandike ukurasa mwingine. Mtazamaji anayeanza na jina la kitu huliona jina, kitu chenyewe kikampita.

Niombee kwa Bibi Kisa anisamehe kwa kumwachia mtoto.

Mkamwana wako,
Tusajigwe, Mama Kisa


Ndandalo
1 Juni 2025

Asajile mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa lori la mchele akufikishie Karonga mkononi. Simu ya nyumba hii husikilizwa na watu sita kwa mpigo, na mama yako ndiye wa kwanza. Usiisome mbele ya watu.

Kisa ana jambo. Katikati ya kusema, au kula, au kufagia, huondoka. Mwili hubaki umesimama. Macho yako wazi lakini hayaoni, kope hupepesa kidogo, mkono ulioshika kijiko hubaki hewani. Ukimwita haitiki. Kisha hurudi na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea, ila sentensi aliyokuwa akiisema imepotea. Haanguki. Halii.

Nililiona zamani, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mkeo alipokuwepo, mtoto huyu ndiye alibeba maneno kati yetu. Alikuwa akija mbele yangu, anaanza, "Mama anasema," kisha ananyamaza, ananikodolea macho. Nilidhani ni heshima. Nilijisifu kwamba mjukuu wangu ameijua hofu ya nyumba hii kabla hajafundishwa. Mama yako hadi leo anashikilia hivyo. Nilipomdokezea alisema, "Mwalimu, wewe umezoea watoto wakorofi. Huyu ana haya."

Nilimpeleka kwa nesi Veronika wa zahanati. Siku hiyo Kisa alikaa mbele yake nusu saa, mchangamfu, akimhesabia vidole kwa Kiingereza. Veronika alinipa dawa ya minyoo na kuniambia kwa upole kwamba tabibu hatibu masimulizi, nirudi na kitu cha kuonyesha.

Unalijua neno ambalo watu watalisema. Mtoto wa kike akishapewa neno hilo hapa kwetu hupewa na kikombe chake pekee, na siku akianguka watu hurudi nyuma badala ya kumshika. Sitalitamka kabla sijajua. Kwa hiyo nimechukua kanuni ya mkeo, aliyoniandikia kwa ajili ya mianga yake: saa, muda, nilichokiona. Nimenunua daftari. Katika siku kumi na mbili, mara tisa. Fupi kuliko zote sekunde nne, ndefu kuliko zote kumi na mbili.

Swali langu ni moja. Nimwambie mama yake?

Baba yako,
Kenani


Karonga
8 Juni 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua chooni kama ulivyotaka, maana hapa ndipo mahali pekee pasipo na watu.

Usimwambie. Huko aliko hatoki hata akilia hadi sauti imkauke, ndege hakuna. Utakuwa umemfungia ndani pamoja na jambo ambalo hata sisi hatujui kama lipo. Mimi nilikuwa nazubaa hivyohivyo utotoni, mama akinizindua kwa kofi, na nimekuwa mtu.

Ila naona wewe na yeye mnaandikiana mambo ya kisomi sasa, jambo ambalo sikutarajia kuliona kabla sijafa. Basi muulize. Usitaje mtoto. Uliza kama mtu anayeuliza habari za hizo taa zake: kitu kionekane mara ngapi ndipo mtu mwenye akili aseme kipo? Atajibu kwa haki, kwa sababu hatajua anaulizwa nini. Idadi atakayoitaja, iwe hiyo. Ikitimia nitafunga duka nije, tumpeleke Mbeya kwa madaktari wakubwa na daftari lako mkononi.

Mwanao,
Asajile


Ndandalo
15 Juni 2025

Mama Kisa,

Mugonile. Barua yako nimeisoma mara tatu, na juzi niliwaeleza wazee wenzangu kanisani habari za mawimbi na madoa mpaka mchungaji akaangalia saa.

Nina swali la mwalimu mstaafu ambaye hana tena watoto wa kuwasumbua. Doa linapowaka na kuzimika mara moja, bila shaka huliandiki kwamba lipo. Huenda ni jicho limechoka. Mara mbili, huenda ni bahati. Ni mara ngapi, basi? Kuna idadi ambayo ikifika, mtazamaji ana haki ya kuwaambia wengine, na kabla yake ni vyema anyamaze?

Kisa anakusalimu. Ameng'oka jino la mbele na anajivuna nalo.

Kenani


Kituo cha utafiti, Antaktika
29 Juni 2025

Baba mheshimiwa,

Hakuna swali nililoulizwa mwaka huu lililonipendeza zaidi, na wenzangu hapa wote wana shahada za uzamivu.

Niruhusu nijibu kwa aibu yangu mwenyewe. Majira yangu ya kwanza ya utazamaji, kabla sijaja huku, niliona aina ya mdundo ambao nilidhani hakuna aliyewahi kuueleza. Niliuona mara kumi na nne. Nikautangaza mbele ya mkutano, kwa sauti ya mtu aliyegundua mto. Mzee mmoja aliniomba radhi kwanza, kisha akaonyesha kwamba mara zote kumi na nne mdundo ulitokana na ukungu uliokuwa ukiganda na kuyeyuka juu ya kioo changu. Watu hawakucheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Kwa miezi kadhaa kila nilichosema kilipokelewa kwa upole, kama anavyopokelewa mgonjwa.

Tangu siku hiyo idadi yangu ni mia moja. Pungufu ya mia simwandikii mtu. Kutangaza mapema ni kuwatia watu hofu au matumaini ambayo baadaye utalazimika kuyang'oa, na kung'oa kuna maumivu kuliko kusubiri. Hivi ndivyo ninavyowafundisha na wanafunzi wangu. Lakini kwa kuwa umeniuliza kwa unyofu, nami nikiri: sina hakika kama huu ni uangalifu, au ni woga uliovaa nguo za uangalifu. Madoa hayadhuriki kwa kusubiri kwangu, ndiyo maana sijawahi kulazimika kujua.

Jumapili nilizungumza na Kisa. Simu ya setilaiti ina tabia zake: alikuwa akinisimulia habari za jino, mtandao ukakatika katikati ya sentensi, kimya kitupu, kisha ukarudi naye yuko kwenye habari nyingine kabisa. Nimejifunza kusubiri tu bila kuita.

Mkamwana wako,
Tusajigwe


Ndandalo
3 Agosti 2025

Asajile,

Mkeo amesema mia moja. Nimefika themanini na nne.

Wiki hii ni mara saba, na mbili kati ya hizo zilipita sekunde ishirini. Mara ya mwisho alikuwa amebeba ndoo. Haikudondoka, maji tu yalimmwagikia miguuni na hakusikia baridi. Nimemzuia asikaribie kisima wala moto, bila kueleza kwa nini. Mama yako anasema nimegeuka kuku mwenye kifaranga kimoja, namfuata mtoto hadi chooni na kalamu sikioni. Majirani wameanza kuuliza kama naandika kitabu.

Jana nilijiuliza kama themanini na nne haitoshi. Kisha nikawaza habari ya wale madaktari wa Mbeya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ndandalo. Nitaingia chumbani mwao na mtoto ambaye siku hiyo, kama alivyofanya kwa Veronika, atawahesabia vidole. Silaha yangu ni daftari tu. Nalitaka liwe kamili, kama alivyolitaka mama yake. Nilifundisha miaka thelathini na sita na sikuwahi kumpa alama mwanafunzi aliyeacha ukurasa wa mwisho mtupu.

Fanya ufike tarehe ishirini na nne. Kwa hesabu yangu tutakuwa tumetimiza.

Baba yako


Kituo cha utafiti, Antaktika
16 Agosti 2025

Baba mheshimiwa,

Jua limerudi, kipande chekundu cha dakika chache kwenye upeo, na wenzangu wametoka nje kulipungia mikono. Mimi nalisikitikia giza kidogo, kwa sababu ya nilichokiona ndani yake wiki hii, na wewe ndiye wa kwanza ninayemwandikia.

Ukingo wa mwanga ulijipinda kwa mawimbi makubwa, matano, yakifuatana kwenda mashariki kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Ndani ya kila pindo kulikuwa na madoa, na madoa hayo hayakufuata wimbi lililoyabeba. Wimbi lilipita, yenyewe yakaendelea kuwaka na kuzimika kila moja kwa saa yake. Kama hivyo ndivyo, sentensi yangu ya chanzo kimoja ni ya uongo, nami nimeitetea miaka miwili. Ni ajabu jinsi inavyopumzisha kugundua kwamba umekosea. Ni tukio moja tu, kwa hiyo sitalisema kwa mtu mwingine. Lakini maswali yako ndiyo yaliyonifanya nitazame upya kitu nilichodhani nimekwisha kukiona.

Kesho ni Jumapili. Mwambie Kisa awe karibu na simu.

Tusajigwe


Ndandalo
31 Agosti 2025

Mama Kisa,

Asajile alikwambia kwa simu kilichotokea. Hakukwambia sababu, kwa kuwa nilimwomba aniachie mimi.

Siku ile ulipokuwa ukiniandikia habari za mawimbi, Bibi Kisa alikwenda Lyulilo, kando ya ziwa, siku ya soko, kununua vyungu kwa ajili ya sherehe ya akina mama wa kanisa. Alimchukua Kisa amsaidie kubeba. Mitumbwi ilikuwa imefika na vyungu vya Wakisi, na watoto wengi walikuwa wameingia majini kuvipokea, maji yakiwafika magotini. Kisa alipewa chungu kimoja. Mama mmoja wa pale anasema alimwona amesimama, mikono mbele, ametulia vizuri, akawaza kwamba huyu ni mtoto aliyelelewa. Akageuka kuzungumza na mwenye mtumbwi. Aliporudisha macho, chungu kilikuwa kinaelea na mtoto hayupo. Hakuna aliyesikia kitu. Palikuwa na watu zaidi ya hamsini. Walimtoa upesi, kwa kuwa maji yalikuwa machache, lakini si upesi wa kutosha.

Tulimzika Jumatatu, upande wa migomba, karibu na dada yangu.

Sasa sababu. Swali nililokuuliza mwezi Juni halikuhusu mianga. Kisa alikuwa akiondoka, akili ikatoka na mwili ukabaki, na nilikuwa nikiandika kila mara nilipomwona, kwa kanuni yako. Sikukwambia. Nililitega swali ili unipe idadi bila kujua unaitoa kwa ajili ya nani. Ulisema mia. Nilipokea jibu hilo kwa furaha, na sasa najua kwa nini: lilinipa ruhusa ya kutolitamka neno nililokuwa nikiliogopa. Uliandika pia kuhusu woga uliovaa nguo za uangalifu. Sentensi hiyo niliisoma nikaipita haraka.

Kwenye zile simu zako za Jumapili, mtandao haukuwa umekatika. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilikuwa nikihesabu sekunde.

Asubuhi ya safari ya Lyulilo nilisimama mlangoni nikitaka kusema mtoto asiende. Bibi Kisa aliniuliza, "Kwa nini?" Ningejibu ningelazimika kulitamka. Daftari lilikuwa na tisini na sita. Nilijiambia, nne tu. Nikawapisha.

Nakutumia nakala ya kurasa zote. Prisca safari hii amesoma na hakunificha. Alizima mashine, akafunga duka, akanisindikiza hadi stendi.

Akina mama walikaa uani siku tatu wakiuliza mama wa marehemu yuko wapi. Bibi Kisa aliwajibu kwamba mama yake alimwacha akafuata taa. Nilikuwepo, nilisikia, nikanyamaza. Mume wako tangu atoke Karonga hajaninenea neno zaidi ya salamu.

Tutaweka msalaba tarehe ishirini na saba Septemba. Watu watakuwepo wote. Siku hiyo nimekusudia kusimama niseme kwamba mwenye kosa ni mimi, si wewe. Niandikie kama umeridhia. Usimpitishie mtu, niandikie mimi.

Kenani Mwambipile


Kituo cha utafiti, Antaktika
7 Septemba 2025

Baba,

Niliomba kuondoka. Mkuu wa kituo, ambaye si mtu mbaya, alinitolea karatasi yenye saini yangu na kuiweka mezani. Kisha alinipa ufunguo wa chumba cha redio ili niweze kulia mahali ambapo kuta ni nene. Nililia huko peke yangu, bila mwanamke wa kunishika. Sikujua kwamba kilio cha namna hiyo hakimalizi chochote.

Nimesoma daftari lako lote. Nimewahi kusoma kumbukumbu za watazamaji wengi, baadhi yao wenye majina makubwa, na sijaona zilizo safi kuliko hizi. Hakuna mahali ulipoandika ulichofikiri. Ukurasa wa ishirini na mbili: "Saa 1:10 asubuhi. Sekunde 9. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu. Aliporudi akaniuliza kwa nini ninamtazama." Nimeshindwa kupita hapo mara kadhaa.

Uliniuliza kwa hila, ni kweli, na nilikujibu kwa majivuno. Mtu aliyekuwa hajawahi kusubiri kitu chenye uhai alikutajia muda wa kusubiri. Hilo peke yake lingetosha tugawane kosa. Lakini silo ninalokuandikia, na ningependa uketi kabla ya kuendelea.

Kwenye simu yangu kuna video ya sekunde arobaini na tatu. Niliipiga tarehe ishirini na sita Desemba, wiki tatu kabla ya kuondoka, miezi mitano kabla hujanunua daftari. Ulikuwa umemtuma Kisa kutoka barazani aje jikoni aniambie kwamba kuku wa Krismasi alikuwa mtamu. Anasimama mbele yangu na gauni lake la njano. Anasema, "Babu anasema." Kisha anaacha. Macho yako wazi, kope zinapepesa, kidole kiko hewani. Nimepima kwa chombo kilekile ninachopimia mianga: sekunde kumi na moja na robo tatu. Wakati huo wote kamera haitikisiki, maana mkono wangu umezoea kutotikisika. Kisha nasikika nikicheka polepole, na sauti yangu inasema, "Ona anavyomwogopa babu yake, mpaka maneno yanamkauka." Anarudi, ananitazama, anaomba maji.

Wewe uliona jambo usilolijua jina, ukadhani ni heshima, na baadaye ukaacha kudhani, ukaanza kuandika. Mimi ndiye mwenye elimu ya vitu vinavyowaka na kuzimika. Ndiyo kazi niliyosomea miaka kumi na mmoja. Nilisimama hatua mbili kutoka kwa mwanangu, nikalirekodi jambo lenyewe, nikalipenda. Tangu Aprili nimeitazama video hiyo hapa karibu kila jioni, nikawaonyesha na wenzangu, nikawaeleza desturi yetu na jinsi mtoto wa miaka saba alivyokwisha kuielewa. Daktari wa kituo alikuwa miongoni mwao. Aliuliza kama huwa ananyamaza hivyo mara kwa mara. Nilimwambia kwamba yeye ni mgeni wa mila zetu, asingeweza kuelewa.

Hiyo ilikuwa Mei, Baba. Kama ningelijibu swali lake badala ya kumfundisha, ungekuwa umepata barua yangu kabla hujafika ukurasa wa tatu.

Nilifikiri kutokwambia. Nataka ulijue hilo pia. Ulikuwa umekwisha kujitwika, na Bibi Kisa asingeweza kunichukia zaidi ya alivyonichukia. Ningeweza kuridhia kama ulivyoniomba, nikarudi Novemba kama mama aliyefichwa. Barua hiyo niliiandika. Ilikuwa nzuri. Niliifuta juzi.

Kwa hiyo sikuridhii. Tarehe ishirini na saba usisimame kusema kwamba ni wewe. Simama uisome barua hii, kwa sauti yako ya darasani, mbele ya Asajile na Bibi Kisa na akina mama wote waliouliza nilikuwa wapi. Usiruke mahali nilipocheka, wala mahali pa daktari.

Kila hitimisho nililowahi kuliandika nimeliwekea shaka yake pembeni. Kwa hili nimeitafuta siku tano, sikuipata.

Tusajigwe